Kula wanga kidogo kwa hela ndogo, huku nyumbani hakuna anayekuunga mkono

#1 Nusu Sahani (mleta mada)

Habari zenu wakuu.

Kuna mtu ambaye ushauri mwingi wa kupunguza wanga humsahau. Ameambiwa apunguze kwa sababu ya sukari au uzito. Akirudi nyumbani chungu ni kimoja, hela ni ya kubana, na siku akipunguza wali anaulizwa siku hizi anajiona nani. Akiomba msaada anaambiwa anunue unga wa lozi, parachichi, jibini na samaki wa bei mbaya. Hela hiyo hana. Naandika kwa ajili yake kwa sababu naishi hivyo hivyo: nina kisukari aina ya 2, na nakula chungu kimoja na watu ambao hawaoni kwa nini nibadili chochote.

Msimamo wangu ni huu. Chungu kibaki cha wote, wewe shughulika na sahani yako. Ukitaka kupikiwa chakula chako peke yako, unaongeza gharama ya mafuta, ya moto na ya maneno, na katika nyumba isiyo na hela vyote vitatu ni vizito.

Kwanza kiasi. Wataalamu wengi wakisema wanga kidogo wana maana ya chini ya gramu 130 kwa siku. Ile ya ketoni (mwili ukikosa wanga hutengeneza ketoni kutokana na mafuta na kuzitumia kama nishati), ambayo watu wengi huanzia kwa sababu ndiyo inayosifiwa, hushuka hadi gramu 20 au 50. Hiyo ilibuniwa mwaka 1921 na Dk. Russell Wilder wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, kuwa tiba ya kifafa, na tangu mwanzo ililazimu kupima kila kinachoingia mdomoni. Mtu anayekula mchuzi uliopikwa na mwingine hawezi kujua mna vitunguu vingapi na umeongezwa unga kiasi gani. Ndiyo maana nasema anzia kati ya 100 na 130. Pakishazoeleka, shuka ukiona haja.

Sasa hesabu yenyewe. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina wanga wa gramu 45 hivi. Kipande cha mkate, 12 hadi 15. Kiazi cha kuchemsha cha ukubwa wa ngumi, kati ya 25 na 30. Soda ya mililita 330, kama 35, na yote ni sukari. Anayekunywa chai yenye sukari kwa mkate asubuhi, halafu vikombe viwili vya wali mchana na viwili usiku, amepita 200 kabla hatujagusa matunda wala soda. Akiacha vinywaji vya sukari na kuteremsha wali hadi nusu kikombe kila mlo, ameshafika tunapotaka, na jikoni hakuna kilichobadilika.

Kazi inabaki kwenye nafasi iliyoachwa wazi sahanini. Wanga ni kati ya kalori za bei nafuu zaidi, ndiyo maana chungu cha mtu mwenye hela kidogo hujaa wanga. Ukiutoa bila kuweka kitu, jioni utakula mkate wa watoto. Jaza kwanza mboga zisizo na wanga mwingi: kabichi, spinachi, maharage machanga ya maganda, biringanya, matango, chochote cha msimu. Halafu protini. Halafu mafuta usiyaogope: kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na kabichi iliyokaangwa vizuri inashibisha kwa namna ambayo kabichi ya kuchemsha haifiki.

Kuhusu bei ya protini, usilinganishe bei ya kilo kwa kilo. Gawa bei kwa gramu za protini. Yai moja lina gramu 6 hivi. Gramu 100 za nyama ya kuku mbichi zina kama 20. Gramu 100 za karanga, kama 25. Gramu 100 za dengu kavu, kama 24, na za soya kavu kama 36. Fanya hesabu hiyo kwa bei za unakonunua wewe, utaona kitu ulichokiita ghali kinapanda au kinashuka. Nyama yenye mifupa hasa huwadanganya watu, maana unalipia uzito usioula. Ila mifupa hiyo ukiichemsha unapata supu ya mlo mwingine.

Karibuni kwa maswali. Na mwenye uzoefu wa nyumba ngumu aseme, maana hapo ndipo wengi wanaachia njiani.

#2 Kijana wa Zamu

Mkuu asante kwa uzi. Mimi bado naishi kwa mama, na mchango wangu wa hela ni mdogo. Nikipunguza wali anasema nadharau mkono wake. Juzi kaniambia nimeanza kuringa kwa sababu nimepata kazi. Sijui naanzia wapi.

#3 Nusu Sahani

Pole sana mdogo wangu. Hilo la mama ni zito kuliko la hela.

Mama anapokuona umeacha wali, anaona umeacha kitu alichokulea nacho. Ukimjibu kwa maelezo ya gramu na insulini unakuwa unamsomea. Mwombe kitu kimoja tu: "Mama, naomba nijipakulie mwenyewe." Usimwombe abadili mapishi wala asimamie unachokula. Kisha kaa mezani na wenzako kama kawaida, anza na mboga na mchuzi wake, usifie kinachosifika, na uongeze mboga mara ya pili. Mpishi anayeona mtu anarudia chakula chake hana sababu ya kulalamika.

Hilo la kuanza na mboga lina faida nyingine. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha udaktari cha Weill Cornell huko New York walichukua wagonjwa 11 wa kisukari aina ya 2 waliokuwa wakitumia metformin, dawa ya kisukari ya vidonge, wakawapa chakula kile kile kwa mpangilio tofauti. Walipokula mboga na protini kwanza na wanga mwishoni, sukari yao saa moja baadaye ilikuwa chini kwa takriban asilimia 37 kuliko walipoanza na wanga. Watu 11 ni wachache, siwezi kukuambia jambo hilo limekwisha. Ila halina gharama, halimkwazi mtu, na ukifika kwenye wali tayari njaa imepungua.

Jambo la pili: usiwatangazie kwamba umeanza dayeti. Ukitangaza, kila mlo unageuka mtihani na kila mtu anakuwa msimamizi.

#4 Mama wa Watatu

Mimi mpishi ni mimi mwenyewe, kwa hiyo tatizo langu ni jingine. Mume wangu anasema mwili ni wako lakini bajeti ni yetu. Mayai yanaisha kabla ya wiki kwisha na watoto nao wakiona nimekaanga mawili wanataka. Nimeshaacha mara kadhaa kwa sababu ya mvutano huo. Sina ugonjwa, ni uzito tu, lakini magoti yananiuma na mama yangu mzazi alikuwa na kisukari.

#5 Nusu Sahani

Dada, mumeo ameuliza swali la haki, na linajibika kwa namba. Mkae naye muorodheshe unachoacha: sehemu yako ya mkate, sukari ya chai yako, biskuti, soda, nusu ya wali wako. Hicho kina bei. Kiwekeni kando kiwe ndicho kinunue mayai yako. Huenda hakitatosha yote, maana nimeshasema wanga ni wa bei nafuu, lakini mtajua pengo ni kiasi gani badala ya kugombana juu ya hisia. Kumbuka pia kwamba anayepunguza uzito hahitaji kurudisha kalori zote alizoziacha. Nyingine zinatoka kwenye mafuta ya mwili wake.

Kwa upande wa jiko, chagua mapishi ambayo wanga unapikwa kando. Kuku wa mchuzi na wali pembeni, mayai na kabichi huku watoto wakila na viazi, nyama na biringanya huku wengine wakila na tambi. Siku mkipika wali uliochanganywa na nyama kwenye sufuria moja hapo ndipo huna pa kukimbilia. Siku hiyo kula kiasi kidogo na kachumbari nyingi, kesho yake endelea. Mlo mmoja hauharibu kazi ya wiki.

Watoto waache na wanga wao. Wanakua, na hakuna sababu ya kuwaingiza kwenye mpango wako. Sukari ya ziada hiyo ndiyo wapunguziwe, na si kwa ajili yako. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri watoto na watu wazima sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiwezekana chini ya 5. Kwa mtu mzima hiyo 5 ni kama vijiko sita vya chai. Hapo unaweza kuokoa hela kwa faida ya nyumba nzima, na mumeo hatakuwa na la kusema kwamba ni matumizi yako peke yako.

#6 Muuguzi wa Usiku

Naomba niingilie kabla watu hawajakimbilia jikoni.

Mwenye kisukari anayetumia insulini, au vidonge vya jamii ya glibenclamide, gliclazide na glimepiride, asipunguze wanga ghafla bila kuongea na anayemtibu. Dawa hizo zinaendelea kushusha sukari hata kama hujala wanga wa kushushwa. Dozi inatakiwa ipunguzwe pamoja na chakula. Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, ambayo ni karibu 70 mg/dL (vipimo viwili vya sukari ya damu, mashine yako huonyesha kimojawapo), tumia sukari ya gramu 15, mfano glasi ndogo ya juisi au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Hapo suala la dayeti unaliweka pembeni. Na mtu akishindwa kumeza au akizimia, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Wanaotumia vidonge vingine vya kisukari, dapagliflozin au empagliflozin, wana hatari nyingine. Wakishusha wanga sana, damu inaweza kujaa asidi ya ketoni wakati kipimo cha sukari hakionyeshi kitu cha kutisha. Kutapika, maumivu ya tumbo na kuhema kwa nguvu, nendeni hospitali usiku huo huo.

Wenye ugonjwa wa figo, wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari aina ya 1, na yeyote aliyewahi kuwa na shida ya kujinyima chakula, msifuate uzi huu peke yenu. Wa dawa za presha pia mpime mara kwa mara, presha inaweza kushuka mkaanza kusikia kizunguzungu mkisimama.

#7 Nusu Sahani

Ahsante sana. Naomba kila anayefika hapa asome hilo la juu kabla ya yangu. Mimi natumia metformin peke yake, ambayo kwa kawaida haishushi sukari kupita kiasi, kwa hiyo uhuru wangu msiuchukulie kuwa ni wenu.

#8 Hoja kwa Hoja

Mleta mada, pamoja na heshima zote, kwa nini mtu mwenye hela ndogo ajitese? Ubongo unahitaji sukari. Na utafiti mkubwa ulionyesha kupunguza wanga na kupunguza mafuta ni sawasawa kwenye uzito. Si bora mtu ale chungu cha nyumbani kidogo kidogo akaishi kwa amani?

#9 Nusu Sahani

Hoja yako nzuri mkuu, na nusu yake nakubaliana nayo kabisa.

Utafiti unaousema nadhani ni ule wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wa mwaka 2018. Watu wazima 609, mwaka mzima, kundi moja likipunguza mafuta na jingine wanga, wote wakihimizwa kula mboga na kuacha sukari na unga mweupe. La kwanza lilipungua wastani wa kilo 5.3, la pili kilo 6, na tofauti hiyo haikuwa ya maana kitakwimu, yaani inaweza kuwa imetokea kwa bahati tu. Kwa hiyo mtu ambaye shida yake ni uzito tu, na nyumba yake inakula vizuri kwa namna nyingine, mimi simshauri aanzishe vita. Ale hicho, apunguze sukari na kiasi.

Mwenye kisukari yuko mahali pengine. Wanga ndio unaopandisha sukari ya damu moja kwa moja, na Chama cha Kisukari cha Marekani katika tamko lake la mwaka 2019 kilisema kupunguza wanga kwa ujumla ndiyo njia ya lishe yenye ushahidi mwingi zaidi wa kuboresha sukari. Mimi nikila vikombe viwili vya wali kwa amani, amani hiyo nailipia kwa macho na miguu.

Ubongo kweli hutumia sukari, ila ini hutengeneza sukari kutokana na protini na sehemu ya mafuta, na wanga ukishuka sana ubongo hutumia ketoni pia. Kwenye gramu 100 au 130 hata mjadala huo haupo, wanga bado unaingia wa kutosha.

#10 Kijana wa Zamu

Maharage je? Kuna mahali nimesoma ni marufuku kabisa. Nyumbani yapo karibu kila siku, nikiyaacha sina protini nyingine.

#11 Nusu Sahani

Usiyaache. Marufuku hiyo ni ya watu wa gramu 20. Nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa kina wanga wa kama gramu 20, lakini karibu 7 kati ya hizo ni nyuzinyuzi ambazo hazipandishi sukari, na protini 7. Dengu vivyo hivyo. Kwa mtu wa bajeti yako hiyo ni zawadi. Sharti moja: maharage yahesabu kuwa wanga wako wa mlo huo. Ukila maharage, wali uwe vijiko viwili vitatu au usiwepo. Watu wanaokwama huweka vyote viwili kwa kiasi kile kile cha zamani.

Soya ndiyo bora kuliko yote kwa hesabu ya hela. Ikishapikwa ina protini karibu mara mbili ya maharage na wanga chini ya nusu yake. Iloweke usiku, mwaga maji, ichemshe hadi ilainike kabisa, uichanganye kwenye mchuzi wa kawaida. Nyumbani kwangu wanakula bila kuuliza.

#12 Mpishi Mstaafu

Nimepika jikoni za watu wengi, nyumba kubwa na ndogo. Niongeze kidogo.

Kabichi ikatwe nyembamba sana kama nyuzi, ikaangwe kwa moto mkali muda mfupi, isifunikwe. Ikifunikwa inatoa maji na harufu, na hapo ndipo watu huichukia. Ikatwe hivyo, umwagie mchuzi ule ule wa wali, inakaa mahali pa wali vizuri tu. Maini ni rahisi kuliko nyama na yana chuma na vitamini A kwa wingi. Mara moja kwa wiki yanatosha, na mjamzito asiyazidishe kwa sababu ya hiyo vitamini A. Mboga za kugandishwa msizidharau, zinashika virutubisho vizuri na haziozi zikawa hasara. Mayai chemsheni kadhaa kwa pamoja, yakae tayari, kwa maana mtu wa dayeti huangushwa na njaa ya saa kumi jioni wakati hakuna kitu karibu ila mkate. Karanga nazo zipimwe kwa kiganja, gramu 100 zina kalori zaidi ya 550, ukila kutoka kwenye mfuko hutajua umefika wapi.

#13 Mama wa Watatu

Shikamoo mzee, hiyo ya kabichi kutofunikwa naijaribu leo.

Swali langu: nilipoanza mwanzo nilipungua haraka sana halafu ikasimama, na kichwa kiliniuma siku zile za kwanza. Mume akasema ndiyo ushahidi kwamba inadhuru.

#14 Muuguzi wa Usiku

Dada, mwili huhifadhi sukari kwenye ini na misuli, jumla karibu nusu kilo kwa mtu mzima, na kila gramu yake imeshikana na maji kama gramu 3. Ukipunguza wanga akiba hiyo inatumika na maji yanatoka. Kwa hiyo kilo za mwanzo nyingi ni maji, na zikikwisha kasi lazima ipungue. Haijasimama, imeanza kuwa ya mafuta. Pamoja na maji hutoka chumvi, ndiyo kichwa na uchovu. Supu ya mifupa yenye chumvi kidogo na maji ya kutosha husaidia, isipokuwa mwenye presha, moyo au figo, huyo aulize kwanza. Choo kikiwa kigumu, mboga hazijatosha.

#15 Kijana wa Zamu

La mwisho mkuu. Naweza kupata mashine ya kupimia sukari ya ndugu yangu, ila vile vijiti vya kupimia ni ghali. Vinatumikaje bila kumaliza hela?

#16 Nusu Sahani

Ndugu yako na wewe kila mtu atumie sindano yake, na kila mtu lazima awe na kifaa chake cha kutobolea, msichangie kamwe, damu huambukiza.

Usipime kila siku ovyo. Chagua mlo mmoja unaorudiwa zaidi nyumbani. Pima kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya kuanza kula. Siku nyingine kula mlo ule ule, wali nusu, mboga kwanza, upime vilevile. Vijiti vinne, na unajua chakula cha mama kinakufanya nini wewe, si mtu mwingine. Kwa mwenye kisukari lengo la kawaida baada ya kula ni chini ya 10 mmol/L, yaani 180 mg/dL. Asiye nacho kwa kawaida hubaki chini ya 7.8. Ukizidi hapo, nenda kapimwe ipasavyo.

Namba hizo mwonyeshe mama siku ambayo hamjagombana. Mwonyeshe zote mbili, na umwambie ile iliyo chini nayo ilitokana na chakula chake. Halafu ukipata nafasi ya kupima HbA1c, ambayo huonyesha wastani wa sukari ya damu wa miezi miwili hadi mitatu, ifanye kabla hujaanza na uirudie baada ya miezi mitatu. Vijiti vinaweza kuisha, hicho kipimo kitakuambia kama mpango unafanya kazi.